Mdhamini wa Tatu

Kila mwaka chuo chetu kinapofanya maonyesho ya ajira, kampuni thelathini huja kuwadanganya vijana mia tatu, na vijana mia tatu huvaa makoti ya kuazima kuja kuzidanganya kampuni thelathini. Nimeyatazama kwa miaka kumi na minne kupitia dirisha la kibanda changu cha kuchapa, hatua ishirini kutoka getini. Naandika wasifu wa kuombea kazi, natoa nakala, natia vyeti plastiki. Ukisoma niliyowaandikia vijana hawa utadhani hakuna mahali penye watu wachapakazi, waadilifu na wapenda vitabu kama chuoni kwetu. Hao hao wakifika kibandani hawawezi hata kupanga foleni.

Lakini si habari zao ninazotaka kusimulia. Nataka kusimulia habari za mtunza stoo wa karakana, ambaye kila mtu anamwita Bwana Stoo. Katika chuo kizima ndiye mtu pekee ambaye sijawahi kumdharau, ingawa ilifika siku nikatamani sana niweze.

Bwana Stoo aliingia pale akiwa fundi wa kuchomelea, kijana mwenye mikono mizuri kwa maneno ya waliomwona. Cheche ikamharibu jicho la kushoto, na makelele ya mashine za kukatia chuma yakamla sikio la kulia. Mkuu wa chuo wa wakati ule akamhamishia stoo, eti apumzike. Ana miaka ishirini na mitatu anapumzika. Saa moja na nusu asubuhi anafungua dirisha lenye nondo, na anasimama nyuma yake hadi saa kumi jioni. Kila kifaa kina msumari wake ukutani, na nyuma ya kila kifaa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kikitoka pengo lionekane. Mkewe, ambaye ni muuguzi, aliniambia kwamba hata sufuria za nyumbani kwao zimechorewa ukutani, na mwiko ukikosekana chakula hakiliwi mpaka upatikane.

Halafu kuna daftari. Ni daftari kubwa la jalada gumu lenye safu tano: kifaa, jina la aliyechukua, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na hali. Kwenye safu ya hali chuo kinamtaka aandike kizuri au kibovu, basi. Yeye anaandika anavyoona mwenyewe. Anaandika "safi". Anaandika "ina mafuta". Anaandika "imepinda, amekiri" au "imepinda, amekana". Na kuna maneno anayoyaandika kwa kalamu nyekundu, ambayo kwake ni aibu kuliko kuvunja: "kwa mkono wa mwenzake". Maana yake mtu alichukua kifaa mwenyewe, kisha akamtuma mwingine akirudishe.

"Mtu wa namna hiyo," aliniambia siku moja, "mkabidhi mashine yako. Siku ikiharibika utaletewa habari na mtu mwingine."

Mchana, saa saba, huja kula kwenye benchi langu, daftari likiwa kwapani kwa sababu halimwachi. Tunakula na tunasema watu. Sitajitia utakatifu, ndiyo starehe yetu. Mwanafunzi anachukua karatasi zake, ananiaga kwa madaha kama waziri, na akigeuka tu mimi nauliza, "Na huyu je?"

"Huyo anashika nyundo karibu na kichwa, kama anaibembeleza," Bwana Stoo atasema. Au, "Huyo ana kifaa changu tangu Jumatatu, na kila tukikutana anatazama juu kana kwamba anatafuta mvua."

Sasa nije kwenye kosa, na kosa ni langu. Mimi siandiki wasifu upya. Nafungua wa jana, nafuta jina la jana, naweka la leo. Mwishoni kila wasifu una wadhamini watatu, yaani watu ambao mwajiri anaweza kuwapigia simu kuuliza habari zako. Wawili ni walimu, wale wale miaka yote. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuja kijana ambaye mdhamini wake wa tatu alikuwa amehama, akasema, "Weka hata Bwana Stoo, ananifahamu." Nikaweka jina lake na namba yake ya simu. "Mtunza stoo" nikaona haina uzito, nikaandika "Mkuu wa Kitengo cha Zana". Kesho yake nikafungua faili lile lile, nikabadili jina la mwanafunzi, na nikasahau kabisa kule chini. Wakatoka watu mia mbili wakidhaminiwa na Bwana Stoo kabla sijagundua. Hakuna hata mmoja aliyeona, kwa sababu hawasomi wasifu wao. Wanaangalia picha imetokaje.

Aliyenishtua ni yeye mwenyewe. Alikuja benchini amekunja uso.

"Mama Meneja," aliniambia, "kuna watu wananipigia simu kuuliza habari za wanafunzi. Wengine wako mbali kabisa. Nadhani kuna wizi mkubwa wa vifaa, na upelelezi umeanza."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawasomea daftari. Ningewajibu nini kingine?"

Nikamweleza nilichofanya. Nilijiandaa kutukanwa. Yeye alimaliza kula kwanza, akafuta mikono, akasema, "Basi usifute."

Hivyo ndivyo mtu wa jicho moja na sikio moja, ambaye chuo hakijawahi kumwalika ukumbini hata kunywa soda, alivyokuja kuwa mtu mwenye kauli kuliko wote katika maonyesho ya ajira. Chuoni hapakuwa na mwingine aliyejua zaidi yetu sisi wawili.

Asiyejua kuliko wote ni mshauri wa ajira. Huyu ni kijana wa tai nyembamba, ambaye wiki moja kabla ya maonyesho huwakusanya wanafunzi na kuwafundisha namna ya kuifaidi siku hiyo. Mkono utolewe kwa nguvu, lakini si nguvu sana. Mtazame mwajiri katikati ya macho. Usiondoke mezani bila kadi yake. Na kubwa kuliko yote, kila mtu awe na hotuba ya sekunde thelathini ya kujieleza. Wiki nzima nilikuwa nikihutubiwa. Mtu ameleta cheti cha kuzaliwa kutoa nakala, ananishika mkono, ananikodolea macho, ananiambia kwamba yeye ni kijana mbunifu mwenye shauku. Shauku ya nini, hajui. Mshauri hakuwahi kuwafundisha kusema "sijui".

Mwanangu ndiye aliyeyashika mafunzo hayo kuliko wote, na wakati ule nilijivuna.

Nina mtoto mmoja. Wanamwita Meneja tangu ana miaka saba, kwa sababu wenzake wakijenga vijumba vya udongo yeye alikuwa anasimama pembeni na kijiti, akiwaonyesha wapi paende mlango. Mimi nikawa Mama Meneja, na jina likanikaa vizuri. Baba yake alikuwa mbeba mizigo, na mgongo ulimwisha kabla hajafika miaka arobaini, kisha yeye mwenyewe akaisha. Siku ya mazishi niliapa moyoni kwamba mwanangu hatainama. Nikamsomesha ufundi wa mitambo pale chuoni, na alikuwa msafi ajabu. Wenzangu walilalamika jinsi ovaroli za watoto wao zilivyokuwa hazitakati. Ya kwangu haikunisumbua hata siku moja kwa miaka mitatu. Nikiifua maji yanabaki meupe, na nilikuwa nawasimulia watu.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake. Nilitaka apate kazi kwa mhandisi wa pampu. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kile.

Mhandisi wa pampu ni mwanamke wa makamo ambaye kila mwaka hupewa meza ya mwisho, karibu na choo, kwa sababu kampuni yake haichangii chakula cha wakubwa. Hana puto, hana kofia za kugawa, hana binti wa kutabasamu. Ana daftari na kalamu moja. Wale wenye mabango marefu na vipaza sauti watakwambia utume maombi kwenye tovuti, wakupe kalamu isiyoandika, uende zako ukiwa umefurahi. Yeye huajiri mtu mmoja kila mwaka, na mtu huyo bado yuko kazini.

Siku ya maonyesho nilipeleka nakala za mwisho ukumbini, nikapata nafasi ya kuona kwa macho yangu. Vijana walikuwa wamejazana kwenye meza ya benki, wakigombea mikoba ya karatasi. Walikuwa mafundi mitambo watupu, sijui benki ilikuwa na mtambo gani wa kuwapa. Mshauri alikuwa akipita katikati yao akipiga picha. Nikasogea hadi karibu na choo, nikajifanya nasubiri.

Meneja wangu alikuwa mbele ya mhandisi. Mkono aliutoa sawasawa. Koti lilimkaa. Mhandisi akamuuliza swali moja tu, amewahi kutengeneza nini, naye akasimulia jinsi kikundi chao kilivyoifufua pampu ya bweni la wasichana. Alieleza vizuri hadi mimi nikayaona maji yakipanda. Nyuma yake alisimama msichana mmoja ambaye wenzake wanamwita Kimya. Wasifu wake niliuandika mimi, nusu ukurasa. Nilimuuliza anapenda nini wakati wa mapumziko, akasema hana, nikamwandikia vitabu kama wengine. Nilimwambia pia aoshe kucha kabla ya kumpa mtu mkono, maana zilikuwa na weusi wa mafuta mpaka ndani. Mbele ya mhandisi alitoa maneno matano hivi, akanyamaza. Nilimhurumia kidogo na kumcheka zaidi.

Jioni Meneja alirudi na mkoba wa kalamu na kofia ya benki kichwani.

"Tumebaki watatu, mama," alisema. "Mimi, yule mrefu wa darasa letu, na Kimya. Mhandisi anawapigia wadhamini kesho, halafu anachukua mmoja."

Nilicheka kwa sauti. Mdhamini wa tatu alikuwa anakula kwenye benchi langu.

Kesho yake, saa saba na robo, simu ya Bwana Stoo ililia. Huwa anaiweka kipaza sauti kwa sababu ya sikio lake, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Habari za mchana, Mkuu wa Kitengo," alisema mhandisi. "Nina majina matatu, kama kawaida."

"Salama, mhandisi. Daftari ninalo."

Akaanza na yule mrefu. Bwana Stoo akasema, "Huyo anachelewesha, lakini analeta mwenyewe. Koleo lilimpotea mwaka jana, akalitafuta siku tatu mpaka akalipata mtaroni."

Likaja jina la Kimya. Bwana Stoo akatabasamu peke yake. "Huyo amenijazia kurasa. Mwezi wa tatu aliniletea bisibisi imepinda. Hakuna aliyemwona akiipinda, na mimi nilikuwa sijaikagua. Alisimama dirishani akaniambia, ni mimi. Nimeandika hapa, imepinda, amekiri."

Kisha mhandisi akataja jina la mwanangu, majina yake yote matatu, kama nilivyoyaandika mwenyewe.

Nikaizima mashine ili nisikie vizuri. Bwana Stoo akalowesha kidole akaanza kufunua kurasa, moja baada ya nyingine, polepole. Mtu huyu anayakumbuka majina yote bila kufungua, naijua kazi yake. Nikaelewa kwamba anatafuta muda. Akaniangalia kwa jicho lake zima. Nilimwomba kwa uso wangu wote.

"Mkuu, upo?"

"Nipo. Mhandisi, nikwambie kwanza kwamba mama wa kijana huyu amekaa mbele yangu, na ni rafiki yangu. Ukipenda, muulize mtu mwingine."

"Nimeshawauliza walimu wawili. Wote wamesema ni kiongozi mzuri. Nataka kusikia kwako."

Bwana Stoo akafunga daftari.

"Jina lake halimo," alisema.

"Halimo kivipi?"

"Halimo. Miaka mitatu hajawahi kuchukua kitu kwangu, kwa hiyo hajawahi kurudisha. Sina baya lake. Zuri lake pia sina."

"Na ile pampu ya bweni?"

"Pampu ya bweni walichukua vifaa watu wanne. Wa kwanza alikuwa yule binti."

Mhandisi akashukuru, akakata simu. Nilibaki nimeshika karatasi za mtu, nimesahau ni za nani.

"Ungesema neno moja tu," nilimwambia.

"Neno gani?"

"Lolote. Ungesema safi."

"Safi ni ya kitu kilichorudi, dada yangu."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. "Na ulijua. Miaka mitatu unakaa kwenye benchi langu, na ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Kila mchana unaniuliza habari za watoto wa wenzako," alisema. "Wa kwako hukuniuliza hata siku moja. Nilidhani unajua."

Nilimfukuza benchini. Nilimwambia akale stoo na spana zake. Akachukua daftari lake akaenda, na mimi nikafungua faili, nikafuta jina lake na namba yake na Kitengo chake cha Zana. Kisha nikakaa nikiikumbuka ile ovaroli, na maji yale meupe niliyokuwa nawasimulia watu. Nilijisikia mjinga. Miaka kumi na minne nawacheka watoto wa watu kwa kuvaa makoti ya kuazima, na wangu alikuwa ameazima kazi nzima ya wenzake.

Saa tisa Meneja alikuja mwenyewe, na ile kofia ya benki.

"Mhandisi amechukua Kimya," nilimwambia kabla hajauliza. Nilikuwa sijaambiwa na mtu, wala sikuhitaji.

Akabenua mdomo. "Yule? Yule hata kujieleza hajui. Kucha zenyewe umeziona?"

Nikaisikia sauti yangu ikitoka mdomoni mwake, na maneno yangu yale yale. Nikaona aibu mbele ya mtoto niliyemzaa.

"Umebakiza miezi miwili chuoni," nilisema. "Kesho asubuhi tunakwenda stoo, mimi na wewe."

Kesho yake nilifunga kibanda, nikampeleka hadi kwenye lile dirisha la nondo kama anayempeleka mtoto kuanza shule. Wanafunzi walisimama kututazama. Nilijiandaa kwa kejeli za Bwana Stoo, na nilizistahili, lakini yeye alitusalimia kama watu wengine wowote.

"Kifaa gani?" aliuliza.

Meneja akaniangalia mimi.

"Spana," nikasema.

"Namba ngapi?"

Meneja akaniangalia tena. Bwana Stoo akamtazama, akamtazama tena, akatoa spana namba kumi na tatu kwenye msumari wake. Umbo jeupe likabaki ukutani. Akaandika jina la mwanangu, kwa mara ya kwanza, kwa mwandiko wake ule wa taratibu, na akanigeuzia daftari nilione. Sijui kwa nini nilitaka kulia. Nilirudi kibandani nimechangamka, nikamrudisha mdhamini wa tatu kwenye faili langu, na siku nzima sikumsema mtu.

Saa kumi Bwana Stoo alikuja, stoo ameshaifunga. Alikaa kwenye ncha ya benchi, mahali ambapo huwa hakai, akaniwekea daftari mapajani likiwa wazi. Hakunionyesha kwa kidole. Nikatafuta jina mwenyewe.

Spana namba kumi na tatu. Imetoka saa mbili na dakika tano. Imerudi saa mbili na nusu. Hali, safi. Na mbele yake, kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa mwenzake.